AIBU YAKO NDIYO DHAMANA YAO



Vijana wenzangu, leo tuongee jambo ambalo wengi wetu tunalijua vizuri na hatulisemi mahali popote: mikopo ya simu.

Ukienda benki kukopa, swali la kwanza ni una nini. Una hati ya shamba? Una karatasi ya mshahara? Una gari? Mkopeshaji wa simu hakuulizi hata kimoja. Yeye anataka kitambulisho chako, anataka kuona meseji zako za M-Pesa, na anataka namba za watu wako. Wewe una haraka, tuktuk imelala gereji na fundi hakopeshi, unabonyeza "nakubali" bila kusoma. Hapo ndipo ulipoweka rehani. Umemweka rehani mama yako, mjomba wako, imamu wa msikiti wenu, na baba wa yule binti uliyempelekea posa.

Siku ya thelathini na moja ikiingia na pesa hujapata, simu haziji kwako peke yako. Zinaenda kwao. "Mwambie kijana wako alipe." Mara nyingine na matusi juu.

Biashara hii haina haja ya dalali wa mnada. Dhamana yake ni AIBU YAKO. Na ukitaka kujua kwa nini inafanya kazi vizuri sana mitaani kwetu, Majengo, Kisauni, Likoni, Eastleigh, Garissa, sababu ni kwamba sisi aibu yetu ni mara mbili. Jirani yako asiye Muislamu akidaiwa anaona haya kwa sababu anadaiwa. Wewe unaona haya kwa sababu unadaiwa, na tena kwa sababu ulichukua riba. Basi utakopa apu ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili, mradi tu babako asijue. Mkopeshaji hajasoma fiqhi, lakini anajua kabisa kwamba utalipa chochote ili jambo lisitoke nje.

SHERIA IPO, WENGI HAWAIJUI

Tuseme ukweli, serikali haikukaa bure kabisa.

Kwa karibu miaka kumi mikopo ya simu ilikuwa soko lisilo na mwenyewe. M-Shwari ilianza Novemba 2012 chini ya benki. Halafu zikafuata apu ambazo si benki na hazipokei amana ya mtu, kwa hiyo sheria ya benki haikuzigusa. Mwenye mtaji na kompyuta aliweza kukopesha, kutoza anachotaka na kudai anavyotaka.

Desemba 2021 ikapita sheria ya kurekebisha Sheria ya Benki Kuu ya Kenya. Tangu hapo mkopeshaji wa kidijitali lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Machi 2022 zikatoka kanuni zenyewe na wakopeshaji wakapewa miezi sita waombe leseni. Muda ulipokwisha, Septemba 2022, maombi yalikuwa 288. Waliopewa leseni awamu ile ya kwanza walikuwa 10. Desemba 2024 sheria ikapanuliwa tena, hata wale wa "chukua sasa, ulipe baadaye" wakaingizwa chini ya Benki Kuu. Leo wenye leseni wamepita mia moja.

Sasa soma hapa polepole. Kanuni za 2022 zinamkataza mkopeshaji:

- Kukutisha au kukutukana anapodai.
- Kuwapigia au kuwaandikia watu walio kwenye simu yako ili wakushinikize.
- Kuweka jina lako, picha yako au deni lako mitandaoni ili uaibike.
- Kukupeleka CRB bila kukupa notisi kwanza, au kwa deni lisilozidi Sh1,000.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kuna Katiba: kifungu cha 28 kinalinda heshima yako, cha 31 kinalinda faragha yako, cha 46 kinakulinda wewe kama mteja. Na si maneno ya karatasini tu. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data alipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000. Kosa lake? Kutumia namba za watu ilizozipata kwa watu wengine na kuwatumia meseji za vitisho.

Kwa hiyo yule anayempigia mama yako saa tatu usiku, hata kama deni ni la kweli, yeye ndiye anayevunja sheria. Deni ni lako na utalilipa, inshallah. Lakini kudaiwa hakukuvui nguo.

SHIMO LIKO KWENYE BEI

Hapa ndipo ninapogombana na serikali.

Sheria imesema nani akopeshe. Imesema adai vipi. Kuhusu bei, mkopeshaji anatakiwa apeleke mpangilio wa ada zake Benki Kuu uangaliwe, lakini hakuna kikomo kilichoandikwa kwamba hapa huvuki. Ukishapata leseni na ukadai kwa adabu, unaweza kumkamua mtu kihalali kabisa.

Hebu tupige hesabu. Chukua ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kiwango ambacho M-Shwari ilianza nacho. Kuna apu zilizotoza hadi 15, kwa hiyo mfano wangu ni wa upole.

Unakopa Sh5,000. Ada ni Sh375. Ongeza ushuru wa bidhaa, asilimia 20 ya ada hiyo: Sh75. Jumla Sh450. Mwezi ukiisha unalipa Sh5,450.

Unaona ni kidogo, si ndiyo? Sasa ukilipa, mfuko umebaki mtupu, kesho yake unakopa tena zile zile 5,000. Ndivyo wengi wanavyoishi. Fanya hivyo miezi 12: umetoa Sh5,400 za ada. Umelipa kuliko ulichokopa, na BADO unadaiwa Sh5,000 uliyoanza nayo Januari.

Hiyo 7.5 kwa mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka. Linganisha na Hustler Fund ya serikali yenyewe, iliyozinduliwa Novemba 2022 kwa asilimia 8 kwa MWAKA. Kwa Sh5,000 hiyo ni kama Sh33 kwa mwezi. Hustler Fund siitetei, nayo ni riba. Naitaja kama kipimo. Serikali inajua kwamba asilimia 8 kwa mwaka inawezekana kwa mtu wa chini, halafu inampa leseni anayetoza zaidi ya mara kumi ya hapo.

Utaambiwa sheria inazuia riba isizidi deni lenyewe. Kweli, lakini angalia inaanza lini. Inaanza deni likishaharibika, yaani ukishashindwa kulipa. Wewe unayejinyima kila mwezi ili ulipe kwa wakati, halafu ukope tena, kwenye vitabu vyao wewe ni mteja mzuri. Kila mkopo wako ni mpya. Ulinzi huo haukufikii kamwe. Mwaminifu ndiye anayekamuliwa zaidi.

NA SERIKALI INAKULA SAHANI MOJA NAO

Umeiona ile Sh75 pale juu? Sheria ya Fedha ya 2022 ndiyo iliyoweka ushuru wa asilimia 20 kwenye ada za wakopeshaji wa kidijitali. Mwaka ule ule zilizotoka kanuni za kukulinda, ndio mwaka serikali ilipojiwekea fungu kwenye ada yako.

Fikiria maana yake. Ada ikipanda, mapato ya serikali yanapanda. Ukikopa mara 12 badala ya mara moja, KRA inapokea mara 12. Refa analipwa kwa kila bao la timu moja, halafu tunaambiwa tuamini filimbi yake. Mimi sisemi kuna mtu amekula hongo. Nasema hata kama wote ni waaminifu, mwenye fungu kwenye ada hatakuwa na haraka ya kuishusha.

"LAKINI TULISHAJARIBU KIKOMO"

Kuna wasomi watakaokwambia Kenya ilishaweka kikomo cha riba na ikashindwa. Usikimbie hoja hiyo, ijibu.

Ni kweli. Septemba 2016 benki ziliwekewa kikomo: zisitoze zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zikamkimbia mkopaji mdogo, zikaona bora kuikopesha serikali. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Hayo yote ni kweli.

Lakini uliza, mkopaji mdogo alienda wapi? Alienda kwenye apu. Kikomo kilizifunga benki, kikaacha soko zima la simu wazi, bila leseni wala msimamizi. Ukifunga mlango wa mbele ukaacha wa nyuma wazi, usiseme kufuli haifanyi kazi. Leo wote wako chini ya Benki Kuu, benki na apu pamoja. Sababu ile ya zamani haipo tena.

Na tusisahau Septemba 2022. Serikali mpya iliingia ikitaka mikopo ya simu ishuke bei, na kabla ya mwezi kwisha ada za kila siku za Fuliza zikatangazwa kupunguzwa. Hakuna aliyefunga duka. Kumbe bei hushuka, wakitaka.

Wengine watakwambia mkopo ni hiari, hukushikiwa panga. Sawa. Na mama anayekopa saa saba usiku mtoto akiwa na homa, dirisha la hospitali linataka pesa kwanza, hiari yake ni ipi? Bei ya maji wakati wa kiangazi haiitwi hiari.

SISI NASI TUSIJIFICHE

Sasa nigeukie kwetu, na tuvumiliane.

Kwenye mimbari tunasikia kila mwaka kwamba riba ni haramu. Ni haki, na isemwe. Lakini hutuba ikiishia hapo, kijana anatoka msikitini na mambo mawili: hofu, na shida ile ile aliyoingia nayo. Hajaambiwa aende wapi. Benki za Kiislamu tunazo tangu 2008, alhamdulillah. Lakini hazijajengwa kwa ajili ya Sh3,000 za kutengeneza breki. Murabaha inataka bidhaa, inataka karatasi, inataka mteja anayejulikana. Na sheria ya Desemba 2024 inapandisha mtaji wa chini wa benki kutoka Sh bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo 2029. Benki ndogo italazimika kutafuta mwekezaji mkubwa au iungane na nyingine, na benki inayokimbizana na mtaji haiwezi kumtazama muuza viazi karai wa Kongowea.

Pengo hilo ni letu. Dini iliyosema mdaiwa aliyebanwa apewe muhula haikusema tu asikope. Ilituwekea qardhan hasana, mkopo wa wema usio na nyongeza. Misikiti yetu inachanga pesa za zulia, kipaza sauti na mnara. Mingapi ina mfuko wa kumkopesha kijana Sh5,000 na arudishe Sh5,000? Chama cha watu ishirini, kila mmoja Sh500 kwa mwezi, kina Sh10,000 kila mwezi. Hizo ni breki tatu, au dirisha la hospitali kwa mama mmoja. Hatuhitaji kusubiri mfadhili kutoka Ghuba.

Na wewe unayemcheka mwenzako maskani ukipokea ile meseji ya kumdai, jua umefanya kazi ya mkopeshaji bila mshahara. Meseji ile ilitumwa kwako ili UCHEKE. Usipocheka, dhamana yao imekufa.

CHA KUFANYA LEO

1. Angalia kama mkopeshaji wako ana leseni. Orodha iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, bure. Asiyekuwemo, muulize leseni yake kabla hujakopa. Na jihadhari na apu unayotumiwa kwa linki ya WhatsApp. Tangu 2023 duka la Google linazikataza apu za mikopo kusoma majina ya simu yako, kwa hiyo wanaotaka majina hayo wanapitia njia za pembeni.

2. Hifadhi ushahidi. Meseji usiifute kwa hasira. Piga skrinishoti, andika tarehe, saa na namba iliyopiga. Mwambie na aliyepigiwa naye ahifadhi.

3. Lalamika. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data inapokea malalamiko mtandaoni, huhitaji wakili wala kulipa, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90. Benki Kuu nayo ipelekee lalamiko dhidi ya mwenye leseni. Mama yako aliyepigiwa, au rafiki aliyeandikwa mdhamini bila kuulizwa, anaweza kulalamika kwa haki yake mwenyewe. Si lazima awe yeye ndiye aliyekopa.

4. Mara moja kwa mwaka una haki ya ripoti yako ya CRB bure. Ichukue uisome. Ukikuta deni usilolijua, lipinge kwa maandishi.

5. Mwambie mtu mmoja. Mtu mmoja tu unayemwamini. Kaka, shangazi, ustadhi. Siku utakayosema mwenyewe, yule anayetishia kukusemea hana tena cha kukutisha nacho. Na wewe utakayeambiwa, usianze na hutuba. Anza na, "Ni kiasi gani, na tarehe gani?"

TUNACHODAI

Kwa Benki Kuu, Hazina ya Taifa na Bunge, madai yetu ni manne.

Kwanza, kikomo cha gharama yote ya mkopo mdogo, ada na kila kitu kikiwa ndani, kinachohesabu pia mikopo inayokopwa juu ya mikopo. Deni lisikue kuliko lilipozaliwa, liwe limeharibika au halijaharibika.

Pili, kabla hujabonyeza "nakubali", skrini ya kwanza ikuonyeshe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: unapokea kiasi gani, unarudisha kiasi gani, na ni asilimia ngapi kwa mwaka.

Tatu, serikali iondoe ushuru kwenye ada za mikopo midogo. Huwezi kuwa mlinzi na mgawana ngawira kwa wakati mmoja.

Nne, kanuni ziitambue kwa jina mikopo isiyo na riba, ili sacco, chama au mfuko wa msikiti unaotaka kukopesha bila nyongeza kwa njia ya simu ujue mlango wake ni upi na masharti yake ni yapi.

Madai haya yana mahali pake. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kushirikisha umma, na kila kanuni mpya inapoandikwa hutangazwa watu watoe maoni. Mabenki hutuma mawakili. Makampuni ya apu hutuma mawakili. Sisi hutuma malalamiko maskani, baada ya sheria kupita. Tangazo lijalo likitoka tutaliweka hapa, na nataka maoni yatoke Lamu, Malindi, Garissa, Isiolo, Kibra, kila mtu kwa maneno yake, na hesabu ya mkopo wake mwenyewe imeandikwa pale. Mawakili wana fasaha. Sisi tuna risiti.

Kama limekukuta, tuandikie inbox. Jina lako halitatoka hapa. Kama halijakukuta, mtumie mtu mmoja unayemdhania, na usimuulize lolote. Atasoma mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.

#AibuSiDhamana